Picha ya kifua: bei kubwa haimaanishi inajibu swali lako

Mhariri,

Mimi nafanya kazi chumba cha eksirei huku Tororo, mashariki mwa Uganda, na kuna jambo linaniuma sana, wagonjwa wanauza mbuzi, wanakopa mpaka kwa majirani, ili wapigwe siti skani ya kifua (CT, mashine inayopiga kifua vipande vipande) wakati swali la daktari lingejibiwa na picha ya kawaida ya bei nafuu. Juzi kaja mzee mmoja, anakohoa kitambo, amekonda, ameshika bahasha kubwa ya skani kutoka kliniki fulani ya binafsi, namuuliza mzee walikupima makohozi? Hapana. Hata kikopo hakupewa!

Sisemi skani ni mbaya. Inaona vinundu vidogo ambavyo eksirei inavipita, na utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2011 ulionyesha wavutaji sigara wa miaka mingi waliochunguzwa kwa skani ya mionzi kidogo, vifo vyao vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20 kulinganisha na waliopigwa eksirei. Lakini pale walikuwa wanatafuta saratani. Huku kwetu mtu akikohoa wiki mbili cha kwanza kushuku ni TB, Uganda tuliwekwa kwenye orodha ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na hakuna picha ya bei yoyote inayoweza kukuhakikishia kwamba doa linaloonekana kwenye pafu ni TB, picha inakuonyesha tu nani wa kushuku halafu makohozi kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB, ndiyo yanathibitisha. Tena skani ya kawaida ya kifua ina mionzi zaidi ya mara mia ya picha moja ya eksirei.

Sasa hiyo eksirei nayo thamani yake inategemea imepigwaje, na hapa ndipo pesa za watu zinapotea bila wao kujua. Mgonjwa anatakiwa asimame, kifua kiguse ubao, mabega ayasukume mbele, mionzi itokee mgongoni kutoka umbali wa kama mita 1.8, avute pumzi mpaka mwisho aishike. Ukimpiga amelala, mionzi ikitokea mbele, moyo unatoka mkubwa kuliko ulivyo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa za moyo ambao hauumwi. Asipovuta pumzi vizuri chini ya mapafu panakuwa peupe, utadhani nimonia. Kwa hiyo mtu wa eksirei akikwambia rudia, usikasirike. Picha ya pili ya kupigwa kutoka ubavuni si ya kila mtu, na kama wasiwasi ni maji kwenye kifua afadhali ultrasaundi, inaona maji kidogo kuliko eksirei na haina mionzi kabisa.

Halafu filamu. Filamu inataka chumba cha giza, dawa za kuoshea picha (developa na fiksa), na ikitoka nyeusi sana unaitupa unaanza upya, kila moja ni pesa. Mashine ya dijitali ni ghali kuinunua lakini ikishafungwa picha haili tena filamu wala dawa, na tangu 2021 WHO inakubali programu ya kompyuta isome picha za kuchuja nani wa kushuku TB kwa wenye miaka 15 na zaidi, jambo kubwa sana kwa wilaya ambazo hazina daktari wa kusoma picha. Watoto bado wanahitaji macho ya mtu.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya na wenye kliniki: bandikeni bei mlangoni, picha ya kawaida shilingi ngapi, skani shilingi ngapi, na mwenye mashine ya dijitali asimtoze mgonjwa filamu ambayo hakuipata. Mpeni faili lenyewe, maana sasa hivi watu wanainua filamu dirishani, wanaipiga kwa simu na kumtumia daktari Kampala kwa WhatsApp, na madoa madogo yote yanapotea hapo. Na wewe msomaji ukiambiwa uende skani, muulize daktari kwa heshima tu: majibu yake yatabadilisha nini kwenye matibabu yangu, na makohozi yangu yamepimwa?

Msomaji wenu, Tororo