Misaada ya viwanda vya bia ifike Mto Mirongo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu misaada ambayo viwanda vya bia hutoa kwa ajili ya kutunza mito. Nia hiyo naipongeza, kwa kuwa lita moja ya bia hutumia lita kadhaa za maji kabla haijafika kwenye chupa. Hata hivyo, nimeshuhudia fedha za namna hiyo zikiishia kwenye fulana, mabango na miche inayoliwa na mbuzi wiki inayofuata.

Juzi, baada ya mvua, nilisimama kando ya Mto Mirongo hapa Mabatini nikaona chupa za plastiki, nepi na hata godoro (la futi tano kwa sita!) vikielekea Ziwa Victoria, tunakochota maji ya kunywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini matuta ya mchicha yameshagusa maji.

Ningeshauri mfadhili awalipe vijana wa mtaa mwaka mzima wazoe taka na kuotesha matete kingoni, na atangaze hadharani vipimo vya majitaka ya kiwanda chake.

Mkazi wa Mabatini,
Mwanza.