Filamu ya Dorothy Parker imetuonesha gilasi, kalamu iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni, maana tangu Ijumaa iliopita usiku nyumba yetu hapa Wete watu wanabishana juu ya filamu moja na kila mtu kashika lake.

Filamu yenyewe si mpya, ni ya 1994, inaitwa Mrs. Parker and the Vicious Circle, kaiongoza Alan Rudolph. Inamhusu Dorothy Parker, yule mwandishi mwanamke wa Marekani alietajika kwa ulimi wake kwenye miaka ya 1920, mchana anakaa na wenziwe waandishi kwenye meza ya hoteli ya Algonquin pale New York wanarushiana vijembe, na kesho yake maneno yao yako magazetini. Mtoto wa kaka yangu ndie alieileta kwenye flashi, tukaunga laptopu na tv, tulikuwa watu saba na shangazi yangu akiwemo, na huyo kijana ndie alietufasiria kwa sababu wengine Kiingereza chetu ni kile cha skuli tu.

Sasa lawama ya mwanzo ilikuwa sauti. Alieigiza ni Jennifer Jason Leigh na kwa kuigiza kaigiza kweli, lakini maneno anayaburura na mengine anayameza, mpaka mfasiri wetu anasimamisha picha anarudisha nyuma mara tatu, na mzaha ukishafasiriwa mara tatu umeshapoa. Hilo si letu peke yetu, hata wakosoaji wa huko kwao walililalamikia ilipotoka, na wapo wanaomtetea kwamba Parker mwenyewe ndivyo alivokuwa akizungumza. Mie nasema hata kama ndivyo, mtu ambae sifa yake yote ni neno, ukilifanya neno lake lisisikike umemdhulumu.

Wifi yangu yeye aliinuka katikati. Kasema huyu mlevi, kila ukitazama ana gilasi mkononi, kutwa kulilia wanaume, mpaka anataka kujitoa roho, mnamsifia nini? Na simlaumu hata kidogo, kwa sababu alichooneshwa ndicho hicho. Kijana wetu akamjibu angoje zile sehemu za rangi nyeusi na nyeupe ambapo Parker anasoma mashairi yake akiwa peke yake, na kweli zile ndizo nzuri kuliko zote, zinakugusa, ila ni fupi kisha unarudishwa mezani kwenye moshi na kelele.

Shangazi alikuwa kimya muda wote. Ilipokwisha akauliza suala moja tu: "Sasa huyu alikuwa akiandika saa ngapi?"

Suala hilo ndilo lililonifanya nikuandikie, Mhariri. Shangazi yangu ni mtunzi wa nyimbo za harusi, zaidi ya miaka thelathini watu wanamjia kutoka Konde mpaka Chake awatungie, na mie nimekua namuona. Anakaa kwenye mkeka ukumbini baada ya Isha, daftari la mistari mapajani, penseli na kifutio, anahesabu mizani kwa vidole juu ya goti, midomo inacheza lakini sauti haitoki. Anaandika neno, analifuta, anaweka jengine, analifuta na hilo, mpaka karatasi inatoboka. Kuna usiku wali uliungua jikoni harufu ikajaa nyumba nzima na yeye bado anatafuta kina cha kati. Halafu nyimbo ikiimbwa harusini watu wanasema ah, bibi huyu ana mdomo! Kama kwamba limemtoka tu alipokuwa akipita njia.

Na Parker alikuwa hivo hivo. Kwenye mahojiano ya 1956 alisema hawezi kuandika maneno matano bila ya kubadilisha saba. Nilipomsomea shangazi akapiga paja, akasema huyo ndie, huyo namjua. Sasa filamu ya zaidi ya saa mbili ikupe utani wa mezani chungu nzima, halafu kazi iliouzaa huo utani uione kwa kuibia ibia tu, mtazamaji atatoka na nini? Atatoka na fikra kwamba maneno yale yalikuwa yakitoka kwenye chupa.

Jengine ni mambo aliyoyapigania. Mwaka 1927 alikamatwa Boston kwenye maandamano ya kuwatetea Sacco na Vanzetti, wahamiaji wa Kitaliana waliohukumiwa kufa, akatozwa faini ya dola 5. Mwaka 1936 alikuwa miongoni mwa walioanzisha umoja wa kuwapinga Wanazi kule Hollywood, na baadae akatiwa kwenye orodha ya watu wasiopewa kazi kwa siasa zake. Alipofariki 1967 mali yake alimuachia Martin Luther King, yule mpigania haki za watu weusi wa Marekani, na alipouliwa King mwaka uliofuata ikaenda kwa NAACP, ile jumuiya ya kutetea haki za watu weusi. Mwanamke mweupe wa zama zile! Lakini filamu imeshughulika zaidi na nani kamuacha.

Tena majivu yake, maana alichomwa kwa wasia wake, yalikaa miaka mingi hayana wa kuyachukua, kama 15 ya mwisho kwenye kabati la faili la wakili, mpaka 1988 NAACP wakayazika Baltimore, na 2020 yakapelekwa New York kwa watu wake. Shangazi aliposikia kabati la faili alisema innalillahi, akajifunika mtandio usoni. Nikamwambia maneno aliyoyataka mwenyewe kaburini yalikuwa "Samahani kwa vumbi langu". Wifi akacheka, kisha akanyamaza, akasema basi hayo wangetuonesha.

Ndugu Mhariri, nayasema haya kwa ajili ya vijana wetu wanaotengeneza filamu, tunawaona kila mwaka kwenye tamasha la filamu pale Ngome Kongwe, Unguja. Tumempoteza mshairi wetu Haji Gora Haji mwaka 2021, mtoto wa Tumbatu, mvuvi aliekuja kutunga mashairi ya Kimbunga, na inshaallah atatokea mtu amtolee filamu ya kuigiza. Nakuombeni msimuweke barazani tu akitupa mafumbo watu wakicheka. Nendeni mkawaulize waliomuona akitafuta neno, alikuwa anakaa wapi, anaandikia nini, akikwama anafanya nini.

Na shangazi kanituma niseme, kama kuna mmoja wenu anataka kuona utunzi unavokuwa, aje Wete baada ya Isha na kamera yake, mlango uko wazi, ila asimsemeshe wakati anahesabu mizani.

Mpenzi wa filamu,
Wete, Pemba