Sikukuu imekaribia, kazi sina, na kwetu hawajui

Mhariri, salaam.

Naomba mnisaidie mawazo. Mimi na mume wangu tumefika mahali ambapo kila tukiligusa jambo hili tunaishia kununiana.

Kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ilipunguza wafanyakazi katikati ya mwaka, nami nikawemo. Kiinua mgongo kilikuwa kidogo na kingi tumeshakila. Kilichobaki nimekitenga kwa kodi ya nyumba na ada za watoto, maana muhula mpya unaanza mara tu baada ya sikukuu, na shule haiulizi kama mlisherehekea. Mshahara wa mume wangu unatosha chakula, umeme na nauli yake ya kwenda kazini, basi.

Kwetu mimi ndiye kifungua mimba. Tangu nilipoajiriwa, mwisho wa mwaka tunakutana kwa wazazi na mchango mkubwa unatoka kwangu. Hakuna aliyenipangia, nilianza kwa hiari, wakazoea. Mwaka huu mdogo wangu amefungua kundi la WhatsApp. Kila anayetuma pesa anainakili orodha upya na kujiwekea tiki. Jina langu liko juu kabisa, limeandikiwa kiasi kilekile cha mwaka jana, na tiki haina. Juzi shemeji akaandika, "Dada mkubwa, unangoja sote tumalize ndipo utufunike?" Nikamjibu kwa emoji ya kucheka.

Na mchango ni mwanzo tu. Nauli hupanda kipindi hicho hicho ambacho kila mtu anasafiri, na sisi tuko watano. Kwa wazee huendi mikono mitupu. Halafu kuna watoto wa ndugu zangu, wanaokupokea begi huku macho yao yako kwenye pochi. Nikijumlisha yote, kodi ya miezi miwili inakwisha kwa siku chache za kukaa huko. Suala la nguo za wanangu nimeshalimaliza: watarudia zile za harusi ya baba yao mdogo. Mkubwa alikunja uso, ikaisha.

Mume wangu anasema tukope kwenye simu. Mimi sitaki. Mikopo hiyo mingi hudaiwa ndani ya wiki chache, riba juu, na mimi sina mshahara wa kungojea. Najua kinachomsumbua: hataki wakwe waone ameshindwa kumtunza binti yao. Namwelewa, ila aibu yake hailipi kodi. Pia amependekeza tusingizie mtoto anaumwa, jambo ambalo sikutaka hata kulijadili.

Nilichofikiria ni hiki. Shule zikifunga, niende na watoto mapema kabla nauli hazijapanda, yeye abaki. Muda ninao tele. Nitafua mapazia, nitapaka rangi ile sebule ambayo kila mwaka tunasema tutaipaka, nitapokea wageni. Pesa nitoe kidogo, robo ya ninayotoa siku zote, na iandikwe hivyo hivyo kwenye orodha, kila mtu aione.

Tatizo ni kwamba nikifika mapema hivyo, mama atauliza ni likizo gani hiyo ndefu. Ana presha, na kwa miaka yote amekuwa akijivunia kazi yangu kwa majirani. Wadogo zangu nao nahofia nikiandika kwenye kundi itasomeka kama naomba, na kuna mmoja wao ambaye hali yake si nzuri kuliko yangu.

Je, nianze na mama kwa simu kabla sijasafiri, au nimtangulize mdogo wangu anayenifuata, apunguze kiasi kwenye orodha kimyakimya? Na kwa waliowahi kupunguza mchango wa familia baada ya kupoteza kazi: mlisema maneno gani hasa, na mlimwambia nani kwanza?

Ni mimi msomaji wenu,
Dada Mkubwa