Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kilichoagizwa na Kilichomfikia Mgonjwa

Ndugu wanachama,

Ya kawaida nayapitia haraka. Hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma mwenyewe mkutanoni. Ada haibadiliki. Nafasi zilizo wazi kwenye kamati zitajazwa kwa kura. Kurasa zilizobaki nazitumia kwa kazi iliyoishughulisha kamati ya miongozo mwaka mzima: pengo kati ya chakula kinachoandikwa kwenye faili la mgonjwa mahututi na kile kinachopita kwenye mrija wa kulishia unaoingia tumboni.

Kuhusu kuanza, ubishi umepungua. Asiyeweza kula mwenyewe aanzishiwe mrija ndani ya saa 48, ilimradi mzunguko wa damu umetulia. Ikiwa dozi ya noradrenalini, dawa ya kupandisha shinikizo la damu, bado inapanda na laktati, asidi inayojikusanya mwilini damu isipofika vizuri, haishuki, asubiri, kwa sababu utumbo wake unapata damu kidogo. Katika utafiti wa NUTRIREA-2 (2018), wagonjwa wenye mshtuko (mzunguko wa damu kushindwa) waliolishwa mapema kwa mrija kwa kiwango kamili walipata zaidi tatizo la utumbo kukosa damu kuliko waliolishwa kwa mshipa. Dozi ikishatulia, mililita 10 hadi 20 kwa saa zinatosha kuanzia. Kutosikika kwa milio ya utumbo si sababu ya kumnyima mgonjwa chakula.

Kiasi ndicho kilichozua mjadala. Siku za mwanzo mwili huchoma akiba yake hata ukilishwa, kwa hiyo lengo kamili likiongezwa juu yake linakuwa kulisha kupita kiasi. Rasimu yetu ya mwongozo inasema siku 3 za kwanza tusizidi asilimia 70 ya mahitaji ya nishati, kisha tupande hadi 80 na kuendelea. Protini nayo ipande taratibu hadi gramu 1.3 kwa kilo kwa siku. Wenzetu wanaodai gramu 2 na zaidi waurejee utafiti wa EFFORT Protein (2023): faida haikuonekana, na kwa wenye figo zilizoumia kulikuwa na dalili za madhara. Kuna pia kalori zinazosahaulika. Propofoli, dawa ya usingizi, hubebwa kwenye mafuta yenye takriban kilokalori 1.1 kwa mililita, hivyo mililita 15 kwa saa zinampa mgonjwa karibu kilokalori 400 kwa siku kabla hata pampu ya chakula haijawashwa.

Aliyekaa muda mrefu bila kula anahitaji uangalifu wa pekee. Wanga ukiingia, insulini hupanda na kusukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli. Damu inabaki bila madini hayo, moyo unayumba na misuli ya kupumua inachoka. Mpe thayamini (vitamini B1) kabla ya chakula, na upime fosfeti kila siku. Ikishuka chini ya milimoli 0.65 kwa lita baada ya kuanza kulishwa, irudishie kwa mshipa na upunguze nishati kwa saa 48. Kuongeza fosfeti huku pampu ikibaki kwenye kasi ileile ni kuziba tundu moja na kuacha jingine.

Sasa pengo lenyewe. Mgonjwa wa kilo 60 aliyefikia lengo la kilokalori 1,500, kwa chakula chenye kilokalori 1 kwa mililita, hupangiwa mililita 62 au 63 kwa saa. Pampu ikiwashwa saa 12 asubuhi, ikazimwa saa 4 kwa ajili ya kipimo na kuwashwa tena saa 10 jioni, zimepotea takriban mililita 375, na kasi ya zamani haizirudishi. Ndiyo maana tunapendekeza kuagiza kwa ujazo wa siku. Katika mfano huu zimeingia mililita 250. Zilizobaki 1,250 zikigawanywa kwa saa 14 zinakuwa mililita 89 kwa saa. Kamati imeweka ukomo wa mililita 120. Kufidia huku hakuwahusu waliokaa muda mrefu bila kula, niliowaeleza juu, wala wenye mrija unaofika kwenye utumbo mwembamba.

Sababu nyingine za kuzima pampu ni nyepesi mno. Mabaki ya chakula yanayonyonywa kutoka tumboni yasiyozidi mililita 500 ndani ya saa 6, bila kutapika wala tumbo kujaa, si kigezo cha kusimamisha. Yakizidi, jaribu kwanza dawa za kusukuma chakula tumboni, erithromaisini au metoklopramidi, ukiangalia ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Kuhara nako kusimzimie mtu chakula: tafuta sorbitoli (kitamu kinachoharisha) kwenye dawa za maji, antibayotiki, na chakula cha unga kilichokorogwa na kuning'inizwa zaidi ya saa 4. Mrija mpya uthibitishwe kwa eksirei. Kupuliza hewa na kusikiliza tumboni hakutofautishi tumbo na pafu kwa uhakika. Mrija ukiziba, tumia maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano la mililita 50. Bomba dogo lina shinikizo kubwa linaloweza kuupasua, na soda hugandisha protini. Mara nyingi huziba kwa sababu vidonge vimesagwa pamoja na kupitishwa bila kusafisha kwa mililita 30 za maji kabla na baada.

Jambo moja halikupata mwafaka: saa za kufunga kabla ya mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia kutobolewa koo ili apitishiwe mrija wa hewa. Wauguzi na wataalamu wa lishe kwenye kamati wanataka zifupishwe, na tumbo linyonywe tu kupitia mrija wa chakula kabla ya kuanza. Madaktari wa usingizi wanataka saa 6 zibaki. Hoja za pande zote zimeambatanishwa na rasimu, na kura itapigwa mkutanoni.