Mjomba, Bretagne ipangie safari kwa maji ya bahari

Shikamoo mjomba,

Kwa kuwa umeshaamua kwenda Bretagne, ile rasi ya kijani ya magharibi mwa Ufaransa, tazama kwanza bahari yake ndipo utafute hoteli. Bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, unalijua, ila la Saint-Malo, mji wa pwani wa kule, si la Tanga. Kwetu kati ya kujaa na kupwa ni kama mita 4. Kule huzidi 12, na makubwa kuliko yote huja karibu na Machi na Septemba.

Ukifika tu, tafuta jedwali la maji. Kila siku hupewa namba kati ya 20 na 120, wao huiita coefficient: ikizidi 95 ni bamvua kubwa, ikishuka chini ya 45 ni maji mafu. Angalia kama saa zilizoandikwa ni za majira ya joto, wanaposogeza saa zao mbele kwa saa moja, maana jedwali lingine haliongezi ile saa moja, na saa moja katikati ya kujaa ni mita 3 nzima. Katika saa sita za kujaa, mbili za katikati hubeba nusu ya maji yote.

Kisiwa cha Grand Bé unakifikia kwa miguu kutoka ufuo wa Bon-Secours, hapo hapo Saint-Malo. Vuka maji yakiwa bado yanatoka, na yakigeuka tu, rudi. Ukichelewa usithubutu kupita hata maji ya magoti. Njia ya mawe inateleza na mkondo unasukuma ubavuni. Baki juu kisiwani hadi yapwe tena.

Mawe ya Carnac, yale ya kale yaliyopangwa kwa safu, nenda, lakini asikwambie mtu ni ya Wakelti, watu wa kale wa Ulaya: yalisimamishwa maelfu ya miaka kabla yao. Ukelti wa Bretagne uko kwenye lugha, iliyovuka bahari kutoka Uingereza karne ya 5 na ya 6.

Uisikie kwenye fest-noz, ngoma ya usiku ya vijijini. Katika an dro, mojawapo ya ngoma hizo, watu hushikana vidole vidogo, mnyororo ukielekea kushoto. Anayeongoza yuko kushoto kabisa. Wewe jiunge mkiani, kulia.

Chakula ni galette, chapati nyembamba ya unga wa blé noir (buckwheat). Ile ya complète ina nyama ya nguruwe. Omba ya yai na jibini. Uliza pia kikaango wamekipaka nini, kwani kwa desturi ni mafuta ya nguruwe. Na cidre, kinywaji chao cha tufaha, mjomba, ni kileo.