Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi, Zanzibar: Nani anabeba bendera yetu?

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Zipo meli zinazopeperusha bendera ya Tanzania ambazo hazijawahi kutia nanga bandari ya Malindi hapa Unguja wala Dar es Salaam, na pengine hazitakuja kamwe. Utandawazi umeifanya bahari kuwa hivyo. Zaidi ya asilimia 80 ya shehena ya biashara ya kimataifa hupita majini, na meli moja yaweza kuwa na mmiliki Ugiriki, mabaharia wa Syria na India, na bendera iliyokodiwa kwingine kabisa. Panama na Liberia zimejipatia pato kubwa kwa njia hiyo. Zanzibar nayo ikaanza kusajili meli za kigeni, na kutafuta ada si kosa.

Lakini tumeshaumia. Mwaka 2012 meli za mafuta za Iran zilikutwa na bendera yetu wakati nchi hiyo imewekewa vikwazo. Desemba 2017 meli ya Kaluba ilikamatwa na dawa za kulevya karibu na Jamhuri ya Dominika. Siku chache baadaye, Januari 2018, Ugiriki ikaikamata Andromeda ikiwa na vifaa vya kutengenezea milipuko, safari yake Libya. Rais Magufuli akaamuru usajili usimamishwe.

Hayo yaliandikwa magazetini. Linaloniuma mimi, niliyekula chumvi ya bahari ujana wangu wote, ni baharia anayetelekezwa kimya kimya: mmiliki hapokei simu, mshahara hakuna, maji ya kunywa yanakwisha, na bandari haimruhusu kushuka. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Tanzania imeuridhia, unaitaka meli iwe na dhamana ya kumlipa mishahara hadi ya miezi minne na kumrudisha kwao. Wa kuhakikisha dhamana hiyo ipo ni nchi yenye bendera. Mmiliki akikimbia, mzigo wa kumrudisha baharia ni wetu, hata kama hajui Unguja iko wapi.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa: orodha ya meli zote za kigeni zenye bendera yetu iwekwe hadharani, pamoja na jina la mmiliki halisi na tarehe ya kwisha kwa dhamana ya kila moja. Na iwepo namba moja ya simu, inayopokelewa usiku na mchana, ambayo baharia yeyote aliye chini ya bendera hii ataweza kuipiga.

Wako mtiifu,
Baharia mstaafu, Unguja