Risala ya Wanafunzi wa Chama cha Historia kwa Mgeni wa Heshima, Malindi

Kanali mstaafu, mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu na wazazi wetu, wanafunzi wenzetu: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Karibu Malindi, na karibu shuleni kwetu. Tulipoambiwa kwamba mgeni wa mwaka huu ni mtu aliyevaa magwanda, hatukuhangaika kutafuta la kukusomea. Chama chetu kimekuwa kikifuatilia maisha ya Eugene Bullard, mhamiaji aliyeipigania Ufaransa katika vita vyote viwili vya dunia.

Bullard alizaliwa mwaka 1895 mjini Columbus, Georgia, Marekani, enzi ambayo umati uliweza kumnyonga mtu mweusi bila kesi. Baba yake mwenyewe aliponea chupuchupu. Baba huyo ndiye aliyemsimulia mwanawe kwamba Ufaransa mtu mweusi huheshimiwa kama mwenzake. Mwaka 1912 kijana akazamia meli. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa kuzamia ni nini. Akashushwa Aberdeen, Scotland, akawa anajilisha kwa ndondi hadi alipohamia Paris.

Vita vilipozuka mwaka 1914, alijiunga na kikosi cha wageni katika jeshi la Ufaransa. Mwaka 1916 alijeruhiwa vibaya kule Verdun, akatunukiwa nishani ya Croix de guerre. Mguu ukiwa haumruhusu tena kupigana kwa miguu, alijifunza urubani, na mwaka 1917 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kurusha ndege ya kivita. Marekani ilipoingia vitani ikawachukua wananchi wake waliokuwa marubani wa Ufaransa. Yeye ikamwacha, kwa sababu ya rangi yake tu.

Hapo tulibishana sana chamani. Wengine walisema mtu aliyedhulumiwa hivyo angekuwa na haki ya kutoshika tena silaha ya mtu yeyote. Lakini Wajerumani walipoivamia Ufaransa mwaka 1940, Bullard, akiwa na miaka 44, alijitolea tena. Akaumizwa mgongo, akatorokea Hispania, hatimaye akafika New York.

Sehemu inayofuata ndiyo inayotuuma. Mwaka 1949, huko Peekskill, jimbo la New York, alipigwa na umati pamoja na polisi wa nchi yake, huku picha zikipigwa. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuendesha lifti katika jengo la Rockefeller Center. Mwaka 1954 Ufaransa ilimwalika Paris ashiriki kuwasha upya mwenge kwenye kaburi la Askari Asiyejulikana, na mwaka 1959 ikampa nishani ya Légion d'honneur. Alifariki mwaka 1961. Jeshi la Anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni usu mwaka 1994, miaka 33 baada ya kuzikwa.

Kanali, miaka hiyo 33 ndiyo iliyotugeuza tutazame nyumbani. Vita vile vilifika huku. Wabebaji mizigo wa vita vya kwanza, ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki katika mtaa wa Kariokor, Nairobi, walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi. Katika vita vya pili askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, walivukishwa bahari hadi Burma, na Malindi yenyewe ikadondoshewa mabomu na ndege za Waitalia mwaka 1940. Watoto na wajukuu wa watu hao ni majirani zetu. Yanayokumbukwa yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanatutoka kila mwaka.

Kwa hiyo tunakuomba mambo mawili. La kwanza, utusaidie kupata kinasa sauti na kabati la kufungika, ili tuzunguke mitaani kurekodi wazee na kuhifadhi nakala za picha na barua zao. La pili, utuandikie barua ya kututambulisha kwa askari wastaafu unaowafahamu, kwa maana wazee wengine hawafungui midomo mbele ya watoto wa shule mpaka mwenzao wa jeshini awahakikishie.

Tena, ukiridhia, baada ya zawadi kutolewa tunaomba uketi nasi darasani utusimulie yako. Tutakuwa wa kwanza kuyaandika.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wanafunzi wa Chama cha Historia.